Nilimsamehe Bibi Kosa Langu

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na ninyi wa kule nyuma ambao hamjaitikia hata moja, hamjambo? Haya, sasa tupo wote.

Jina langu silitaji, maana kikundi chetu cha kusaidiana kina utaratibu wake: ukisimama kusimulia hutaji jina la mtu, si lako wala la jirani. Wanaonijua wananijua. Kwa wageni, mimi ni fundi tofali wa hapa hapa Ifakara, nafyatua na kuchoma, huu mwaka wa ishirini na kitu. Na nina domo. Mama watoto yupo pale dirishani anatikisa kichwa, anakubali. Mwenyekiti wetu amenipa dakika kumi na tano, na ninavyomfahamu mama yule, ya kumi na sita hanipi.

Nimeombwa nieleze tulivyounguliwa nyumba na kikundi kilivyotuinua. Hiyo ni rahisi, ningeisema upesi upesi mkapiga makofi tukaenda kula. Lakini kuna sehemu ambayo ninyi wanachama wapya mliotoka Sanje na Mngeta hamjaisikia, na ushuhuda wenyewe upo hapo. Nivumilieni. Haipendezi.

Nianze na nyumba. Pamoja na ufundi wangu wote wa tofali za kuchoma, mimi mwenyewe nilikuwa nalala kwenye tofali mbichi, juu nyasi. Chekeni tu, wahenga walishasema mganga hajigangi. Kila mwaka nilikuwa namwambia mama watoto tofali za safari hii ni zetu, na kila mwaka anakuja mteja mwenye haraka, zinaondoka.

Jirani yangu wa karibu kabisa ni Bibi mmoja. Nitamwita Bibi tu. Ni mjane, mtu wa upande wa Mahenge kama sisi, watoto wake wametawanyika, mmoja yuko Kidatu kwenye miwa. Bibi alikuwa akiamka kabla ya jogoo kukaanga vitumbua. Watoto wa shule wanapita, wananunua, ikifika saa tatu amemaliza, anazima moto, anafagia jiko, anakwenda kwenye bustani yake ya mboga kule mtoni. Wangu wanne wamekua kwa vitumbua vile, na kuna siku wamekula bila hela na Bibi hakuja kunigongea. Jiko lake na jiko langu yote yalikuwa ya nyasi, katikati yake uzio wa matete tuliousimamisha pamoja, mimi nachimba, yeye anafunga kamba.

Sasa niwaambie habari ya pumba. Wakulima mnisamehe, hili mnalijua, lakini wamo humu walimu na watu wa maduka. Huku kwetu kuni za kuchomea tofali zimekuwa shida, ila pumba za mpunga zipo, mashine za kukoboa zinazitupa mlima mzima. Basi tunachomea hizo. Na moto wa pumba una tabia yake. Hauwaki ukaonekana. Unakula ndani kwa ndani, taratibu, na juu unaacha jivu la kijivu lililopoa kabisa, ukiweka kiganja husikii kitu, kumbe chini kuna moto wa siku tatu. Kila anayechoma tofali katika bonde hili anajua kwamba jivu la pumba halibebwi hivi hivi. Unalimwagia maji, unalivuruga, unalimwagia tena. Mimi mwenyewe ndiye mwalimu wa hilo. Niliwahi kumfukuza msaidizi wangu mmoja kwa kubeba jivu kavu, na nikamtukana mpaka kwao.

Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, upepo wa mchana umeanza. Mama watoto alikuwa amekwenda msibani Mahenge, watoto wako shule. Mchwa walikuwa wameingia kwenye miti niliyolaza nyuma ya jiko, miti ya kenchi, ya kubebea paa la hiyo nyumba mpya isiyoisha. Na dawa ya mchwa ya mtu asiye na hela ni jivu. Nikajaza salfeti mbili, haya magunia ya plastiki, kutoka pembeni ya tanuru. Maji yalikuwa mbali, njaa inaniuma, na mteja alikuwa amesimama pale anataka hesabu ya tofali zake. Nikaweka kiganja juu ya jivu. Limepoa. Nikafunga kwenye baiskeli nikaenda nyumbani.

Salfeti moja nikaimwaga chini ya miti. Ya pili nikaiegesha kwenye uzio wa matete, nikajiambia nikirudi jioni nitaimwagia maji. Nikarudi tanuruni.

Saa nane hivi nikasikia yowe. Nilipofika, nyumba zote mbili zinawaka, yangu na ya Bibi, nyasi zinaruka angani kama ndege. Watu walirusha michanga, walirusha maji ya ndoo, wapi. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Ila kila kilichokuwa ndani kilikwenda: mpunga wangu wa mwaka mzima, magodoro, sare za watoto, na kwa Bibi picha ya pekee ya marehemu mume wake. Nililia, siwafichi. Mtu mzima na ndevu zangu nilikaa chini nikalia.

Kisha nikazunguka nyuma. Pale nilipoegesha ile salfeti, udongo ulikuwa umeungua mpaka umekuwa mweupe, na uzio umeliwa kuanzia pale, upande wa kwangu na upande wa Bibi. Mimi nasoma moto, ndiyo kazi yangu. Sikukisia, nilijua. Nikachukua jembe nikafukia pale mahali. Mtu mmoja akaniuliza nafukia nini, nikamwambia nazima makaa.

Wakati huo Bibi ndiyo anafika kutoka bustanini, kapu la mchicha kichwani. Watu walikuwa wameshafukua kwenye majivu ya jiko lake, wamepata chuma chake cha vitumbua, kizima ila cheusi. Basi kila aliyekiona akajiona mpelelezi. Wakamuuliza Bibi kama asubuhi alizima moto wake. Akasema alizima. Wakamuuliza ana hakika? Bibi akatazama kile chuma, akatazama nyumba, akafikiri. Halafu akasema, "Nilizima. Si huwa nazima?"

Aliwauliza wao. Na watu wakichukua jibu la namna hiyo kwa mtu mzima, wameshamaliza kesi. Wakaanza kunung'unika, wengine wakali, kwamba ajuza anatafuta kuua watu kwa vitumbua. Nami nikafungua domo langu. Ndugu zangu, ningesema neno moja tu la kweli pale, habari ingeishia hapo. Badala yake nikasema, "Mwacheni Bibi. Ni mtu mzima, na ajali haina kinga. Mimi nimeshamsamehe."

Nawaambia, nilimsamehe Bibi kosa langu mimi. Mbele za watu, kwa sauti. Na Bibi akanishika mikono yote miwili akanishukuru huku analia.

Kesho yake asubuhi kikundi kikaja. Mlio wageni mtaona mambo yetu yanavyokwenda, lakini niwaambie nilivyowaona mimi nikiwa upande wa kupokea. Walikuja wanawake wa kanisani na wanaume wa msikitini, na vijana wa bodaboda wamebeba turubai. Hawakuja na pole ya kushikana mikono na kuondoka. Walipanga mafiga palepale kwenye kiwanja, wakainjika sufuria, wakapika ugali na dagaa, tukala sote pamoja. Mama mwenyekiti alikuwa amebeba madaftari ya wanangu, manne manne, na kalamu. Mtoto wangu wa mwisho alilala kwenye mkeka wao kabla hata hajamaliza kula.

Na walikuwa na utaratibu mmoja, bado tunao: hatumuulizi mtu moto ulianzaje. Mpaka apate pa kulala, hilo swali halipo. Mwenyekiti alinieleza kwamba mtu aliyeunguliwa ukimuuliza, anaacha kula anaanza kujitetea. Ni utaratibu wenye busara. Mimi nikaugeuza shimo la kujifichia.

Jumamosi baada ya Jumamosi walikuja. Walikanyaga udongo, walifyatua, walichangishana mabati. Mimi nilitoa tofali. Nyumba yangu ikaezekwa kwanza maana sisi ni sita, kisha Bibi akapata chumba chake kimoja na kibaraza. Na jina langu likapanda. Kwenye jumuiya yetu ya kanisani katekista alisimama akasema tusitafute mfano wa msamaha mbali, tunaye hapa mtaani. Nikainamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Labda mnajiuliza, wewe mwanaume, kwa nini usiseme? Niliogopa kikundi kitanivua bati. Niliogopa wateja watasema fundi gani huyu hajui jivu. Lakini kubwa zaidi, nilikuwa nimeshasifiwa. Uongo ambao watu wameshakusifia, kuutoa mdomoni ni kazi kubwa kuliko kuchimba kisima.

Basi turudi kwa Bibi, maana huku mimi nasifiwa, yeye alikuwa anapotea.

Akina mama wa kikundi walimnunulia chuma kipya cha vitumbua. Akashukuru, akakitundika kwenye msumari, hakukigusa tena. Mwanzoni tukadhani anapumzika. Baadaye mama watoto akagundua Bibi hawashi moto kabisa. Anakula ndizi mbivu, anakula kiporo akipewa, chai hanywi. Mwanamke aliyelisha mtaa mzima, anakula chakula baridi. Halafu ikawa anakwenda kukagua mafiga yake, asubuhi, mchana, jioni, mafiga ambayo hayajaona moto tangu yawekwe. Anagusa, anaondoka, anarudi anagusa tena. Siku moja akamuuliza mama watoto kama leo yeye mwenyewe ameshapita kwetu au bado. Alikuwa ameshapita. Lakini hata wewe si huwa unasahau? Mimi nasahau baiskeli yangu nilipoiweka. Kwake yeye kila alichosahau kikawa ushahidi.

Krismasi mwanawe akaja kutoka Kidatu. Akamwona mama yake anagusa mafiga, akaniita pembeni, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba akili ya mama imeanza kwenda. Atamchukua masika ikiisha, akakae naye kwenye vyumba vyake viwili, na kiwanja wataangalia mnunuzi. Akanishukuru nilivyomvumilia mama yake. Bibi mwenyewe alikuwa amekubali. Alimwambia mama watoto kwamba ni bora akakae mahali ambapo hatamchoma mtu. Miaka arobaini yuko kiwanja kile, kaburi la mume wake unaliona ukisimama barazani. Mama watoto alinisimulia hayo huku anafuta machozi kwa kanga, nami nikamjibu kwa ukali kwamba ya familia za watu tuwaachie wenyewe.

Nilikuwa mkali kwa kila mtu siku zile. Vijana wangu wa tofali walinikimbia wawili. Nilijaribu kulipa kwa mlango wa nyuma: nilimchotea Bibi maji, nilimpelekea kambale, nilimrekebishia mlango. Yeye akazidi kunishukuru, na kila akinishukuru natafuta kazi nyingine ya kumfanyia. Niliona aibu, nikajichukia, na bado nikanyamaza.

Kikundi kina utaratibu wa pili. Aliyepokea, anakwenda. Ukishainuliwa, siku wengine wakipatwa, na wewe unabeba ndoo. Masika ile maji yalipanda, kwenye vijiji vya kuelekea Idete familia zikahamia kwenye shule. Tukaitwa. Nikaenda mimi, na Bibi naye akapanda gari, akasema nguvu hana lakini kukunja nguo hakumshindi.

Tulifika asubuhi, mvua inanyesha. Madarasa yamejaa watu, watoto wamelowa, kuku wamefungwa miguu kwenye madawati. Wengine walikuwa hawajala kitu cha moto tangu juzi yake. Kwenye veranda ya shule tukapanga mafiga, nikatumwa kuni. Narudi na mzigo begani, namkuta mwenyekiti anamwambia Bibi akae kwenye sufuria kubwa ya uji, kwa sababu mkono wake wa kupika sote tunaujua. Anampa kiberiti.

Bibi akaweka mikono nyuma kama mtoto. Akasema, "Mimi msinipe moto. Niliwachomea watu nyumba." Halafu akanionyesha mimi kwa wale mama wa mafuriko, na uso wake, ndugu zangu, ulikuwa kama wa mzazi anayeonyesha mwanawe aliyefaulu. Akasema, "Mmoja wao ndiye huyu. Na alinisamehe siku ile ile."

Kulikuwa na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, tope mpaka magotini, nyumba yake imekwenda na maji. Akanitazama akaniambia, "Mungu akubariki, baba."

Hapo ndipo nilipofika mwisho. Mama yule hakuwa na hata sufuria, na alikuwa ananipa baraka ambayo haikuwa yangu. Nikashusha kuni. Nikasema, "Bibi, si wewe, ni mimi. Nilileta jivu la pumba sijalimwagia maji, nikaliegesha kwenye uzio wetu. Nilikuta alama, nikaifukia. Nimejua tangu siku ile."

Mvua ikaendelea kupiga mabati. Nilimngojea Bibi anitukane, au anizabe kofi, ningelipokea. Hakuwa hata ananitazama. Alikuwa ametoa mikono mgongoni, anaitazama.

Akasema, "Kumbe nilizima."

Halafu akaanza kuhesabu, polepole, kama mtu anayepita chumba hadi chumba kwenye nyumba yake. Alitoa kuni, akazisugua mchangani. Akamwaga maji, kikombe cha kwanza, kikombe cha pili. Akafagia. Akaweka ufagio nje. "Nilizima. Nilizima mimi."

Kisha akachukua kiberiti mkononi mwa mwenyekiti, akakaa kwenye kigoda, akawasha. Kijiti cha kwanza kilizimika, kilikuwa na unyevu. Cha pili kikashika. Alipika uji ule mpaka watoto wote wakanywa na watu wazima wakanywa, na siku nzima hakunipa hata jicho moja.

Msidhani mambo yalikwisha hapo kwa kukumbatiana. Mwenzetu mmoja alipandwa na hasira, akaniambia mbele ya watu kwamba ameniezekea bati kwa mikono yake na mimi nimekaa chini yake nacheka. Nikamwambia sikuwa nacheka. Akasema afadhali ungekuwa unacheka. Mama mwenyekiti akamkatiza, akaniambia kuni nilizoleta zimelowa, nikatafute kavu. Nikaenda. Jioni tunapanda gari ndipo aliponiambia kwamba pale uliposamehe, mbele ya watu wa mtaa, ndipo utakaposema.

Mama watoto nilimwambia mwenyewe nilipofika nyumbani. Wiki nzima nilipewa chakula bila neno, sahani inawekwa, mtu anaondoka. Jumuiya ilipokutana nikasimama mbele ya katekista na wale wapelelezi wote wa chuma cha vitumbua, nikasema. Baadhi yao waliinamisha vichwa, na safari hii sidhani kama ulikuwa unyenyekevu. Mwanawe Bibi nilimpigia simu. Alikuja kwa pikipiki kutoka Kidatu, akanisema mbele ya wanangu maneno ambayo hapa siyarudii kwa sababu ya watoto. Niliyapokea yote. Yalikuwa yangu. Alipomaliza akaingia kwa mama yake kumuuliza lini wafunge mizigo, na Bibi akamuuliza mizigo ya kwenda wapi.

Kikundi kilikaa kunijadili. Wapo waliotaka bati lishuke. Mwenyekiti akasema bati lile ni la watoto na watoto hawakubeba jivu. Wakanipa mambo mawili: nimjengee Bibi jiko la tofali za kuchoma, kwa mikono yangu, juu bati, na nipite kwenye matanuru yote ya huku kwetu kueleza habari ya jivu la pumba na jinsi lilivyonitenda. Nimepita. Kila tanuru naanza kwa kusema mimi ndiye niliyeunguza nyumba mbili, maana nikianza na mafundisho hawasikilizi.

Jiko lilichukua wiki tano. Na kila asubuhi nikifika nasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi ananipita. Ninyi mnajua maana yake. Huku kwetu hata mlevi akikupa shikamoo unaitikia, hata mtu mliyegombana mahakamani. Mzee akikunyima marahaba amekutoa kwenye watu. Nami nilikuwa nasalimia, sipati, nachanganya udongo, naendelea. Siku nyingine hasira zilinipanda, nikasema moyoni, aa, basi, mbona imetosha. Halafu namwona anapita kwenye mafiga yake bila kuyagusa, nachukua tena mwiko wa kujengea.

Nilipomaliza kupiga msumari wa mwisho kwenye bati, Bibi aliingia, akakagua pembe zote, akagonga ukuta kwa ngumi. Asubuhi iliyofuata nikapita nakwenda zangu tanuruni, moshi unatoka jikoni kwake. Nikasema shikamoo kwa mazoea tu, hata sikusimama. Ikatoka sauti ndani, "Marahaba. Hizo kuni zilizo nje nani aziingize?"

Nilizibeba huku machozi yananitoka, na kwa kuwa kulikuwa na moshi nikasingizia moshi. Bibi akaniambia kusamehe atanisamehe, ila nisimharakishe, kwa sababu miezi ile aliyojiona kichaa hakuna wa kumrudishia. Nikakubali. Hilo ndilo jambo ninalobeba mpaka leo, nami sitaki mtu anitue.

Kwa hiyo ninawashukuru. Namshukuru mama watoto, aliyerudi kuongea nami, na alipoanza hakuacha. Nawashukuru wote mliokanyaga udongo wa nyumba yangu, mliojua na msiojua. Namshukuru yule mwenzetu aliyenikasirikia. Yupo humu, na mwezi uliopita tulikuwa wote kwenye nyumba iliyoungua kule Sanje, nilimshikia ngazi naye akapanda. Namshukuru mama wa mafuriko, ambaye hajui alichonifanyia. Nyumba yake tumeiinua, ipo mahali pa juu sasa, na tofali zake sikuzipigia bei.

Na la kuwaachia ni hili. Utaratibu wetu wa kutouliza ni mzuri, tuushike, mtu ale kwanza. Lakini tukishamlisha, tutazame ni nani pale kiwanjani amebebeshwa lawama kwa sababu tu hakujibu haraka. Mzee akisita si kwamba amekosa. Ameulizwa na watu kumi kwa mara moja mbele ya nyumba yake inayowaka. Godoro tutamtafutia, na bati tutamtafutia. Ila mtu akishaacha kuiamini mikono yake mwenyewe, hakuna turubai la kumfunika, na anayeweza kumponya ni yule tu anayeujua ukweli. Kama unaujua, usingoje masika kama mimi.

Leo asubuhi nilipita kwa Bibi kumwomba ruhusa ya kuyasema haya. Hakuja, ana wateja, Jumamosi vitumbua vinatoka sana. Nilimuuliza nisemeje. Aliniambia bila kuinua macho kwenye chuma chake: "Waambie ulivyofanya. Usijilize huko ili wakuonee huruma. Ukimaliza, ukae."

Nimewaambia. Nakaa.